Tangazo la kanisani liwe la mwisho: parokia na mama anayepigwa nyumbani

Parokia nyingi huanza na tangazo. Jumapili moja mtu husimama kabla ya baraka ya mwisho, akasema kanisa linapinga dhuluma za nyumbani na kwamba anayeteswa aje ofisini. Makofi yanapigwa. Jumanne mama wa kwanza anafika, anamkuta karani na foleni ya watu wanaotafuta vyeti vya ubatizo, na hakuna ajuaye la kufanya naye. Anarudi kwake, na kwenu haji tena.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa parokia za Malindi, na za Lamu vilevile, ni kupindua mpango huo. Watu kwanza, pesa na njia vifuate, tangazo lije mwisho. Miezi mitatu ya kujiandaa si mingi. Halmashauri ya parokia ikisema "kwetu hakuna mambo hayo", ikumbushwe utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022: asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Benchi la wanawake sita, hesabu wawili.

Wasikilizaji wawili au watatu wanatosha. Wasichaguliwe kwa cheo. Tazameni ni nani watu humpelekea siri tangu zamani, na siri zile hazijawahi kusikika sokoni. Nesi aliyestaafu ni hazina. Mwenyekiti wa jumuiya, yaani kikundi kidogo cha waumini wa mtaa mmoja, si lazima awemo, na sababu ni nyepesi: jumuiya husali nyumba kwa nyumba, na wanajumuiya ni majirani, mashemeji na watu wa kukopeshana unga. Lililosemwa Alhamisi mtaa wa Maweni, Jumapili liko mtaa wa Muyeye. Tena kuna mahali mpigaji ndiye mwenyekiti mwenyewe. Jumuiya iachiwe kazi inayoiweza, kama kupika au kukaa na watoto siku mbili bila kuuliza mengi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupatanisha. "Tuwaite wote wawili tukae chini" ni sentensi ya watu wema, nayo huumiza. Mama akisema ukweli mbele ya mume, atalipa usiku. Akiuficha, kikao kitaamua kwamba hakuna neno, na mume ataondoka na baraka za kanisa mkononi. Upatanisho ni wa watu wawili wenye ugomvi. Ugomvi na dhuluma hutofautishwa kwa swali moja, aulizwe akiwa peke yake: "Ukimkatalia jambo, hutokea nini?" Akijibu kwamba watanuniana siku tatu, huo ni ugomvi. Akinyamaza kwanza, au akitazama mlango, acheni habari ya kikao.

Maslaha ya wazee, yaani kesi kumalizwa nyumbani bila mahakama, nayo yana shida hiyohiyo. Wazee hutoza mbuzi au pesa, pande mbili zikala pamoja, na aliyevunjwa mkono hakuulizwa. Kwa familia nyingi hapa kuna na suala la mahari: binti akirudi kwao, wazazi wanaogopa kudaiwa, basi wanamrudisha wao wenyewe. Jueni hilo kabla ya kumwambia "nenda kwa mama yako".

Halafu kuna neno "vumilia, huo ndio msalaba wako". Kanisa halisemi hivyo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inampa haki ya kuondoka mwenye ndoa anayehatarishwa vibaya mwilini au rohoni, yeye au watoto wake, na ikiwa kuchelewa ni hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe bila kungoja askofu. Papa Fransisko aliandika katika Amoris Laetitia, namba 241, mwaka 2016, kwamba kuna nyakati kutengana huwa hakuepukiki, na pengine huwa ni wajibu wa kimaadili. Kutengana huko si talaka, na hakumzuii kupokea Komunyo. Wanawake wengi hawajui hili, na wangelipenda kulisikia kwa padre. Padre alitamke kwa sauti.

Kuhusu kitubio: alilosikia padre humo hawezi kulitumia nje, hata kwa nia njema. Mama akieleza kipigo kitubioni, aambiwe si dhambi yake, kisha aombwe, akipenda, aje asimulie tena nje ya kitubio ili asaidiwe.

Mazungumzo ya kwanza yafanyike mchana, saa ambayo mwanamke huonekana kanisani kwa kawaida, kama baada ya mazoezi ya kwaya au kikao cha CWA, chama cha wanawake Wakatoliki. Msikilizaji asiandike jina kwenye daftari, atumie namba tu. Aulize mambo machache: amewahi kukutisha kwa panga au kisu? Amekupiga ukiwa mjamzito? Amekukaba koo? Hili la koo lipewe uzito wa pekee. Mtu aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja, na hatari ikawa ndani. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa kugumu, au vidoa vyekundu vikionekana machoni, aende hospitali siku hiyohiyo. Mume anayekaba ndiye wa kuogopwa zaidi, maana kukaba hutangulia mauaji mara nyingi. Siku za hatari kubwa ni zile anapojua mke anaondoka. Msimsukume aondoke leo kama hamna pa kumpeleka.

Msikilizaji asiahidi siri kamili. Mtoto akiguswa, siri inaishia hapo: simu ya 116 ni ya watoto, ni bure, na hakuna maslaha.

Aliyebakwa, hata na mumewe, afike hospitali kabla ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ambazo humezwa siku 28. Asioge kwanza. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au gazeti, kwa sababu mfuko wa plastiki hutunza unyevu na ushahidi ukaoza. Hospitali itajaza fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyebakwa. Polisi wataandika kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na kumpa namba, aitunze, kisha watatoa fomu ya P3, ya kuonyesha majeraha, isiyouzwa, ijazwe na daktari. Asiyejeruhiwa kimwili naye ana njia. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inatambua pia mateso ya kiakili na ya kunyimwa pesa, na inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumlinda. Ana haki ya kuchagua kuandikisha maelezo kwa askari wa jinsia yake. Asiende kituoni peke yake. Msindikizaji anayekaa kimya benchini husaidia kuliko mwenye kuhutubia maaskari.

Usimfiche kwenye nyumba ya masista nyuma ya kanisa. Hapo ndipo kila mume hupaangalia kwanza. Wekeni makubaliano na parokia ya mbali, kwa mfano Malindi na Mpeketoni, kila upande ukiwa na nyumba moja inayojulikana kwa watu wawili tu. Kisiwani Lamu tatizo ni gati: hakuna anayepanda boti ya Mokowe, upande wa bara, bila kuonekana na mtu anayemjua mumewe. Apande siku anayokuwa na safari ya kawaida, kliniki au soko, bila sanduku. Vitu vyake vitangulie kidogokidogo kwa mikono ya mwingine, kitambulisho na vyeti vya watoto vikiwa mbele.

Mfuko wa pesa za kazi hii hauhitaji mamilioni. Uwe na nauli ya tuktuk na boti, chakula cha siku tatu, pampasi, leso mbili, simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na laini mpya, kwa maana laini ya zamani mume huisoma hadi ujumbe wa M-Pesa. Pesa zitolewe kwa sahihi mbili. Mweka hazina asisome matumizi yake kwa jina kanisani. Hili hutokea, tena kwa uaminifu mtupu.

Mume atakuja kuuliza. Karani afundishwe jibu moja: "Ofisi haitoi habari za mtu yeyote." Mpigaji akitaka msaada wa roho apewe mtu mwingine, labda mzee wa CMA, chama cha wanaume Wakatoliki, asiyejua lolote kuhusu aliko mke.

Sasa tangazeni. Nafasi nzuri ni Sikukuu ya Familia Takatifu, Jumapili baada ya Krismasi, wakati somo la Wakolosai 3 linapowaambia wake, katika mstari wa 18, wawatii waume. Msomaji asikatize hapo, aendelee, na padre ahubiri ule wa 19 unaowakataza waume kuwa wakali kwa wake zao, maana wanaoupenda wa 18 hawaujui huu. Nyingine ni siku 16 za kupinga dhuluma, tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba. Msiombe mtu ainue mkono, maana mumewe ameketi kando yake.

Namba ya 1195, simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa, isiyolipiwa, ibandikwe ndani ya mlango wa choo cha wanawake, ndipo mahali pekee anaposoma bila kutazamwa. Kateni vipande vyembamba vya karatasi vyenye namba hiyo, vya kung'olewa, vinavyoingia kwenye pindo la leso, bila nembo ya parokia wala neno "dhuluma". Mvihesabu kila Jumatatu. Vikipungua, bandikeni vingine.