Gonga Sakafu Mara Mbili

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni jambo gani dogo, kati ya watoto wako na wanyama mnaoishi nao, ambalo hutaki lisahaulike? Nimekaa na swali hilo siku nne. Kwanza nilikimbilia picha zilizo kwenye simu yangu, nikakuta mamia. Paka amelala ndani ya kikapu cha nguo safi. Mbwa amevishwa kofia ya mtoto. Mtoto na mbwa wamesimama dirishani, mabega sawasawa, wanatazama mvua. Nazipenda zote, lakini jambo ninalotaka kuwaeleza halimo hata katika moja. Halikuzidi sekunde tatu, na mikono yangu wakati huo ilikuwa imejaa povu la sabuni.

Binti yangu alikuwa ametimiza miaka mitatu. Paka wetu tunamwita Majivu kwa sababu ya rangi yake, na kwa mwaka mzima uhusiano wa wawili hao ulikuwa wa kukimbizana. Mtoto alimpenda kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Alimbana tumboni, alimwinua kwa makwapa huku miguu ya nyuma ikining'inia, alimfuata chini ya kitanda. Majivu alivumilia, kisha akachoka kuvumilia. Akahamia juu ya kabati, akawa anashuka usiku tu, watoto wakishalala.

Mimi nilikuwa na neno moja: "Taratibu!" Nililisema asubuhi, nikalisema jioni. Sasa naona lilikuwa neno bure. Mtoto wa umri ule hajui mkono wake una nguvu kiasi gani. Ukimwambia taratibu, anapunguza sauti, ananong'ona kabisa, halafu anaminya vilevile.

Aliyetusaidia ni daktari wa wanyama, siku tuliyompeleka Majivu kuchanjwa. Hakuzungumza nami. Alichuchumaa akamwambia binti yangu: usimfuate paka. Kaa chini. Kunja ngumi, inyooshe mbele yake, chini kidogo ya pua, halafu ngoja. Akija akanusa na kukusugua kwa shavu, amekukubali. Akigeuza uso, amekataa, na akikataa tunamwacha. Akamweleza pia kwamba paka ana tezi za harufu mashavuni, hivyo anapokusugua anakuachia harufu yake, anakuweka miongoni mwa vitu anavyovijua. Binti yangu alisikiliza mdomo wazi. Nadhani hakuna mtu mzima aliyewahi kumweleza jambo zito hivyo, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba yeye ndiye mwenye paka.

Ngumi ina maana yake, nilikuja kuelewa baadaye. Mkono uliokunjwa hauna vidole vya kukamata. Mtoto mdogo akigusa manyoya, vidole vinajifunga vyenyewe, na hapo paka anaona mtego.

Siku ile ya povu nilikuwa naosha vyombo. Nikageuka kutafuta kitambaa, nikamwona binti yangu amekaa sakafuni, miguu ameikunja, ngumi ameinyoosha. Majivu alikuwa hatua mbili mbele yake. Paka akasogea, akasimama. Na mkono wa mtoto, ambao kwa desturi yake ungeruka mbele, haukusogea. Niliona bega likitetemeka. Alikuwa anautaka mwili ule wenye manyoya kuliko kitu chochote duniani, na alikuwa anajizuia. Sekunde moja, mbili, tatu. Kisha Majivu akaja mwenyewe, akapitisha shavu kwenye kifundo cha kidole cha kati, kuanzia pembe ya mdomo hadi sikioni. Binti yangu hakupiga kelele. Alinong'ona bila kunitazama: "Mama, amenikubali."

Hilo ndilo jambo langu dogo. Mkono uliongoja.

Nimejiuliza kwa nini linanikaa moyoni kuliko hatua yake ya kwanza, kuliko hata neno lake la kwanza. Hatua na neno vingekuja tu, kwa wakati wake. Hili lilikuwa tofauti. Alikuwa amegundua kwamba kiumbe kingine kina "ndiyo" na "hapana" yake, na kwamba hana budi kuisoma bila maneno, kwenye masikio na mkia na macho. Sisi watu wazima tuna lugha, na bado mara nyingi hatusomani.

Kuhusu macho kuna mchezo mwingine tuliouokota njiani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu namna watu na paka wanavyotazamana. Mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, kama anayesinzia, paka naye huelekea kuyafinya macho yake kumjibu. Na hata mtu mgeni akifanya hivyo, paka huwa radhi zaidi kumsogelea. Nilimsimulia binti yangu wakati wa kulala. Kwa wiki kadhaa nyumba nzima ikawa inafumbiana macho. Mpaka leo, tukiwa na wageni na yeye amechoka, ananitazama kutoka upande wa pili wa sebule na kufumba macho polepole. Ninamjibu. Hakuna anayejua tunachosema.

Jambo la ngumi lilituletea pia kitu ambacho sikukitarajia. Ndugu yetu mmoja alikuja kututembelea, mtu mwema, akafungua mikono akamwita binti yangu aje akumbatiwe. Mtoto akabaki ameganda. Mimi nilikuwa tayari nimeweka mkono mgongoni mwake kumsukuma, kama nilivyofanya mara nyingi. Akasema kwa adabu kabisa, "Nisubiri kidogo, nitakuja mwenyewe." Niliona aibu, kisha nikaona kwamba aibu yangu haina msingi. Ninamfundisha mtoto kwamba paka ana haki juu ya mwili wake, halafu yeye mwenyewe namsukuma mgongoni? Niliondoa mkono. Baada ya dakika kumi hivi alikwenda mwenyewe, akapanda magotini mwa mgeni wetu, akakaa hapo mpaka akasinzia.

Sasa niwaambie habari za mbwa, maana jibu langu lisipomtaja litakuwa nusu.

Mbwa wetu aliitwa Kijana. Alikuja nyumbani kabla ya watoto, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kiatu. Alipozaliwa binti yangu alikuwa mbwa wa makamo. Alipozaliwa mdogo wake wa kiume alikuwa ameanza kuota mvi usoni. Hakuwahi kuonyesha meno kwa mtu yeyote. Ndiyo maana siku aliyomngurumia mwanangu, aliyekuwa na miaka miwili, nilihisi damu ikinikauka. Mtoto alikuwa amemjia akiwa amelala, akamwekea mkono mgongoni. Kijana aliruka, akageuka, akanguruma. Hakumgusa. Nilimnyakua mtoto, nikamfokea mbwa kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, nikamfungia nje.

Kabla hata ya kulala nilitafuta kadi ya chanjo na kuhakikisha tarehe. Ilikuwa sawa. Nasema hili wazi kwa sababu tunapozungumzia watoto na mbwa, mapenzi hayatoshi. Karibu vifo vyote vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa huanzia kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema wanne kati ya kila kumi wanaofikwa na vifo hivyo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa au akiparuzwa, kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe, basi.

Kesho yake nilimpeleka Kijana kwa daktari yule yule, nikiwa nimekwisha amua moyoni kwamba itabidi ahame. Daktari alisimama nyuma yake, akapiga makofi. Kijana hakugeuka. Akapiga tena, karibu zaidi. Hakuna. "Hasikii," aliniambia. "Huenda ni miezi sasa." Mbwa asiyesikia, akiguswa usingizini, anaamka ndani ya hofu. Kijana hakuwa amekasirika, alishtuka tu. Na ile sauti yangu yote ya usiku, ule ukali niliommwagia, hakuwa ameusikia. Aliona tu uso wangu, na mlango ukifungwa.

Daktari aliniambia kitu kingine ambacho kila mzazi mwenye mbwa angepaswa kuambiwa. Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, ni njia yake ya kusema "tafadhali acha" kabla mambo hayajaharibika. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya anaweza kuacha kuonya, akabakiwa na kuuma peke yake. Na kabla ya mngurumo huwa kuna maombi mengine madogo ambayo watu hatuyaoni: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Watoto wadogo hawawezi kuyasoma haya peke yao. Watafiti wameona kwamba mara nyingi mtoto akimwona mbwa aliyetoa meno, anadhani anacheka. Kwa hiyo kazi ya kusoma ni yetu, na mtoto mdogo haachwi na mbwa bila mtu mzima hata kama mbwa huyo ni malaika.

Nilirudi nyumbani na Kijana nikawakalisha watoto. Niliwaeleza kwamba masikio yake yamechoka, kwamba akilala asiguswe. Mwanangu hakusema kitu. Binti yangu ndiye aliyeuliza, "Sasa yeye tutamnyooshea ngumi vipi?"

Mnaona? Kanuni ya paka aliibeba hadi kwa mbwa. Shida yake haikuwa kwamba amekatazwa kumgusa. Alitaka kujua namna ya kumwomba ruhusa asiyesikia na asiyeona kwa sababu amelala. Mimi sikuwa na jibu. Jibu walilipata wenyewe baada ya siku mbili tatu, wakirukaruka ukumbini. Sakafu ilitikisika, Kijana akafungua jicho bila kushtuka. Binti yangu akasimama, akafikiri, akarudi nyuma, akagonga kwa mguu mara mbili: du, du. Kijana akainua kichwa, akatingisha mkia.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Anayepita karibu na Kijana aliyelala anagonga sakafu mara mbili, anangoja ainue kichwa, ndipo anasogea. Baba yao alifanya hivyo akirudi kazini usiku. Wageni walifundishwa mlangoni. Mwanangu, ambaye wakati huo maneno yake yote yangeenea kiganjani, aliifanya kazi ya kugonga kuwa yake. Alikuwa anagonga hata akiwa amebebwa, mguu unapiga hewa.

Kijana aliishi nasi karibu miaka miwili zaidi baada ya hapo. Kuna kaburi lililogunduliwa Ujerumani mwaka 1914, la miaka kama 14,000 iliyopita, ambamo mwanamume na mwanamke walizikwa pamoja na mbwa mchanga. Wataalamu walioichunguza mifupa na meno yake wanasema huenda aliugua sana kwa wiki kadhaa kabla ya kufa, na kwamba bila mtu wa kumtunza asingefika alipofika. Hakuwa na faida yoyote kwa mwindaji, mbwa mgonjwa wa miezi saba. Nilisoma habari hiyo mwaka wa mwisho wa Kijana, nikawa naiwaza kila nilipomwinua kumpitisha kwenye ngazi. Sikujua kama kulikuwa na watoto katika kambi ile. Mimi nawaona tu, akilini mwangu, wamechuchumaa karibu naye, wakisubiri afungue macho.

Alikufa akiwa na miaka 14, asubuhi, mahali pake, kati ya mlango na kochi. Binti yangu alilia kwa sauti siku tatu, kisha akachora picha, kisha akaanza kumzungumzia kama mtu anayemzungumzia babu. Mwanangu, anayekaribia miaka minne, hakulia. Aliuliza kama masikio yake yatapona huko aliko. Nilimwambia hayamsumbui tena.

Imepita miezi mitano. Tumeosha pale mahali, tumeweka kiti. Majivu amepachukua, analala hapo mchana kutwa akiwa na masikio yake mazima, yanayosikia hata kifuniko kikifunguliwa chumba cha tatu. Na kila mwanangu anapopita hapo, awe anakimbia, awe na usingizi, awe amekasirika na anakwenda kujifungia chumbani, anasimama. Du, du. Anangoja kidogo. Kisha anaendelea.