LC3-II imepanda, haya, halafu? Kwenu mlioanza juzi kwenye labu za Parkinson

Wadogo zangu, wiki hii tena nimeletewa bloti (picha ya bendi za protini zilizotenganishwa kwenye jeli), bendi ya LC3-II, protini tunayopimia otofaji, nene kwelikweli, na aliyeileta uso unang'aa, "dokta, otofaji imepanda!" yaani seli inajisafisha taka zake zaidi. Nimemuuliza swali moja tu akanyamaza. Kila mwaka mnakuja wapya, wengine mna akili kutushinda sisi, na kila mwaka mnatumbukia shimo lile lile, ndo maana leo naandika.

1. LC3-II kuwa nyingi haimaanishi usafi umeongezeka. Ukikuta lundo la taka kando ya barabara huwezi kujua kama mtaa mzima umefagia leo au gari la taka halijapita. LC3-II inakaa kwenye otofagosomu (kifuko kinachobeba taka za seli) na sehemu yake inayeyushwa ikifika kwenye laisosomu (sehemu ya seli inayoyeyusha taka), kwa hiyo laisosomu ikigoma lazima ijae. Klorokwini, ile ile tuliyomezeshwa utotoni tukajikuna usiku kucha, inapandisha LC3-II vizuri sana, na inafanya hivyo kwa kuziba njia.

Mimi hili nililijua kwa kuumia. Nikiwa masters niliweka kompaundi kwenye SH-SY5Y (seli za labu zinazofanana na nyuroni), LC3-II ikapanda, nikarudia ikapanda tena, nikaona kazi imeisha. p62, protini inayobeba taka na kuyeyushwa pamoja nazo, nilikuwa nimeipima na yenyewe ilipanda, kitu ambacho kilitakiwa kinishtue palepale, nikasema antibodi hii mbaya nikaiweka pembeni. Kosa lenyewe liko hapo, maana data ilikuwepo nikaifumbia macho. Nikatuma abstrakti. Na kibaya zaidi, kulikuwa na mama mmoja jirani yetu, mumewe ana Parkinson, mkono unatetemeka mpaka chai inamwagika, akaniuliza huko chuo unasoma nini, nikamwambia tumepata kitu kinachosafisha protini kwenye ubongo. Akawa kila tukionana ananiuliza dawa inafika lini. Halafu kwenye labu miting kaka mmoja aliyetutangulia akaangalia slaidi yangu akauliza kwa upole tu, "leni ya bafilomaisini iko wapi?" yaani sampuli iliyowekewa dawa inayozima laisosomu. Sikuwa nayo. Nikarudi nikaiweka: kompaundi peke yake inapandisha, bafilomaisini peke yake inapandisha, zikiwa pamoja ni sawasawa na bafilomaisini peke yake, hakuna nyongeza yoyote. Ingekuwa inaongeza otofaji, zikiwa pamoja zingepita bafilomaisini peke yake. Kompaundi yangu ilikuwa inaziba. Abstrakti niliiondoa kwa imeli ya mistari miwili, ila kwenda kwa yule mama kulinishinda kwa muda mrefu, na nilipoenda akanijibu "sawa mwanangu, Mungu yupo," heri angenigombeza.

2. Sinapsi, pale nyuroni inapopitishia ujumbe kwa nyingine, ni mbali jamani. Nyuroni moja ya dopamini ya substansia nigra (sehemu ya ubongo inayoathirika kwenye Parkinson) kwa binadamu inakadiriwa kuwa na sinapsi zaidi ya milioni, na otofagosomu nyingi zinaundwa huko mwisho wa aksoni (mkia mrefu wa nyuroni) halafu zinasafirishwa kurudi kwenye mwili wa seli ndo ziyeyushwe. Sasa wewe unalaizi, yaani unapasua seli zote za dishi zima, halafu unaniambia habari za sinapsi! Angalieni synaptojanini, protini ya sinapsi: mwaka 2013 mutesheni (badiliko la jini) ya R258Q ilipatikana kwenye familia za Iran na Italia zenye Parkinson ya mapema. Protini hiyo kazi yake inayojulikana ni kuvua koti la klathrini (protini inayozifunika) kwenye vesikeli, vifuko vya kemikali za ujumbe, zikisharudishwa ndani, kila mtu akafikiri tatizo ni vesikeli tu. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakaiweka mutesheni ile kwenye nzi, wakaangalia sinapsi yenyewe, wakakuta otofagosomu zinakwama kukomaa palepale. Na ni haohao walioonyesha LRRK2, enzaimu inayohusishwa na Parkinson, inaifosforileti (inaibandika fosfeti) endofilini, protini nyingine ya sinapsi, na otofaji ya sinapsi inategemea hiyo. Kwa bloti ya dishi zima hilo usingeliona hata ukeshe.

3. HeLa, seli za saratani zinazotumika sana labu, haina Parkin ya kueleweka, ukitaka maitofaji (kusafisha maitokondria mbovu) ya PINK1 na Parkin, protini mbili zinazofanya kazi hiyo, humo uiweke mwenyewe.

4. LC3-II ni ndogo, jeli ikikimbia sana inatoka chini. Membreni tumieni ya PVDF.

5. Msiisahau GBA1 eti kwa sababu haiko kwenye sinapsi. Ni jini ya enzaimu ya laisosomu, na mwaka 2023 ilitoka kazi kubwa iliyohusisha wagonjwa wa Nigeria, ikaonyesha varianti (badiliko) ya GBA1 inayoongeza hatari ya Parkinson, iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na karibu haipo kabisa kwa Wazungu. Miaka yote hiyo haikuonekana kwa sababu sampuli zetu hazikuwepo. Hili linaniuma, na nataka mmoja wenu alishike, kwa sababu nyuroni za kufanyia majaribio karibu zote tunazoagiza zimetoka kwa watu wasio na hiyo varianti.

6. Mgonjwa au ndugu yake akikuuliza, mwambie levodopa inarudisha dopamini na inasaidia sana, ila haizuii seli kufa. Usiongeze la kwako.

Jumatatu kila mwenye bloti ya LC3 aje na leni nne: kontroli, kompaundi, bafilomaisini, na zote mbili pamoja, na p62 chini yake. Bafilomaisini iko friza ya minasi 20, imeshagawanywa kwenye tyubu ndogondogo, toa moja tu na uandike jina.