Wape sentensi moja, siyo rundo la hati

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako ukiwapa hati ya zamani wanaisoma kama kitabu cha kiada: wananakili, wanafunga daftari. Nami nilihangaika na hilo miaka mingi. Kosa langu lilikuwa kuwamwagia hati nyingi kwa mpigo, tena nikitangulia kuwaeleza maana yake. Watafute nini tena?

Siku hizi kipindi kizima nakimaliza kwa sentensi moja. Ninayoipenda kuliko zote imo katika kifungu cha 17 cha Mkataba wa Wuchale, uliotiwa sahihi Mei 2, 1889 kati ya Menelik II wa Ethiopia na Italia. Nusu ya darasa nawapa tafsiri ya nakala ya Kiamhari, nusu ya Kiitaliano, bila kuwaambia zinatofautiana. Ya Kiamhari inasema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Ya Kiitaliano inasema anakubali kuitumia, na Roma ikalishika neno hilo kuwa sharti. Nawauliza tu: mfalme huyu bado ana uhuru wa kumwandikia barua amtakaye? Zogo huanza papo hapo. Kila upande unasoma karatasi yake kwa sauti, hadi mmoja anashtuka: "Mwalimu, mbona yetu haisemi hivyo?"

Hukumu za haraka nazo huja. Mwaka fulani binti mmoja alisema Menelik alikuwa mzembe. Sikumbishia. Niliandika ubaoni: Machi 1889, Mfalme Yohannes IV, mtangulizi wa Menelik, afa kwa jeraha la vita Metemma. Akahesabu miezi kwa vidole, kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo kwanza anakalia kiti." Hapo wenyewe wakataka kujua alihitaji nini kwa Waitalia: silaha, na kutambuliwa. Muktadha nikiuleta kabla hawajauulizia, wanauandika kama noti nyingine tu.

Maswali ya nani kaandika, lini na kwa ajili ya nani yafundishe, ila yasigeuke fomu ya kujaza.

Na waambie wazi kwamba wanasoma tafsiri, maana hapa tafsiri ndiyo ugomvi wenyewe. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893, na Machi 1, 1896 majeshi ya Ethiopia na Italia yakapambana Adwa, Ethiopia ikashinda. Tarehe hiyo naiweka mwisho kabisa. Wakimjua mshindi mapema, hati wanaisoma kinyumenyume.