Mnaoanza kazi za kesi za kumng'oa diwani, ulizeni kwanza "asilimia ya nini?"

Nimeona kuna wadogo zangu kadhaa mmeingia kazi ya usaidizi wa mawakili huku jimbo la Washington, sasa jueni mapema, hizi kesi za watu kutaka diwani au meya ang'olewe kabla muda wake haujaisha zitaangukia mezani kwenu nyinyi, manake mawakili wakubwa wengi hawazitamani, hela kidogo afu siku zenyewe zinabana. Mi zimeniangukia miaka kadhaa. Niwaambie nilichojifunza, mengine nimejifunza kwa kufokewa.

Mteja atakuja amewaka. Ameshaandika kurasa kibao, diwani kafanya hivi, kasema vile, na ana picha kwenye simu. Anadhani jaji atasikiliza mashahidi aseme huyu mwongo huyu mkweli. Huku haiendi hivyo, jaji wa kaunti haulizi kama madai ni ya kweli, ukweli wataamua wapiga kura wenyewe. Yeye anaangalia kitu kimoja, hata tukichukulia kila ulichosema ni kweli, je, hilo ni kosa la kazi au kuvunja kiapo kwa mujibu wa sheria, na umelieleza kwa undani wa kutosha, siku gani, wapi, nani alifanya nini? Tena anayeleta madai anaapa kwamba anayajua hayo mambo, sio kasikia saluni. Ombi langu la kwanza nilijaza kurasa kumi na nne, wakili akachukua kalamu nyekundu akabakisha aya mbili. Niliumia, lakini hizo aya mbili ndo zilipita.

Ukitaka kuelewa soma kesi mbili za Seattle za 2020. Ya kwanza ya meya Jenny Durkan, watu walikuwa na hasira polisi wamewarushia waandamanaji mabomu ya machozi katikati ya korona. Jaji wa chini aliruhusu dai moja tu, na Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ikalitupa na lenyewe, manake kama kiongozi ana hiari ya kuamua jambo, haitoshi kusema aliamua vibaya, lazima uonyeshe uamuzi wenyewe haukuwa na mashiko kabisa. Ya pili ni ya diwani Kshama Sawant wa Wilaya ya 3. Hapo madai yalikuwa ya vitendo unavyoweza kuvitaja kwa tarehe, kama kuwafungulia waandamanaji City Hall usiku wa Juni 2020 wakati jengo limefungwa, kutumia rasilimali za jiji kwenye kampeni ya kuitoza Amazon kodi, na kuongoza maandamano hadi nyumbani kwa meya ambaye anuani yake ilikuwa inalindwa kisheria. Aprili 1, 2021 hayo matatu yakapita, la nne la kwamba ameachia chama chake kimwamulie nani aajiriwe likatupwa. Miezi ni ileile, hasira ileile, jiji lilelile, ila karatasi tofauti.

Sasa asilimia. Jaji akishapitisha madai, inabidi mkusanye saini za wapiga kura za kutosha ndo kura ya kumng'oa ipigwe. Hapa ndo nataka mnielewe, manake wageni wote tunateleza hapa. Mtu atakwambia "tunahitaji saini asilimia 25" na wewe unaandika 25 kwenye daftari unaendelea. Asilimia 25 ya nini?! Huku Washington kwa jiji kubwa kama Seattle ni robo ya kura zote zilizopigwa kwa kiti hicho uchaguzi uliopita, kwa Sawant ilitoka 10,739. Ukienda California wanahesabu walioandikishwa, wapige wasipige, na asilimia inashuka kadiri mji unavyokuwa mkubwa. Louisiana nao ni walioandikishwa, na hapo ndipo kesi ya meya LaToya Cantrell wa New Orleans ilipopata moto. Waliotaka ang'oke walihitaji saini za asilimia 20, ikatoka 49,976. Wakaenda kortini kulalamika kwamba daftari la wapiga kura limejaa wafu na waliohama, kwa hiyo jumla inayopigiwa hesabu ya asilimia imevimba. Wakapatana na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, wapiga kura 25,000 wasihesabiwe, kiwango kikashuka hadi 44,976. Saini 5,000 hazihitajiki tena, bila mtu hata mmoja kusaini! Afu ikaja kujulikana jaji aliyekubali mapatano hayo na yeye alikuwa amesaini ombi lenyewe, kelele ikawa kubwa, meya naye akashtaki. Mwishowe Machi 2023 saini zikahesabiwa na zilizokuwa halali ni 27,243. Yale mapatano yote hayakuwafikisha popote.

Na kwetu Kenya, kwa wale mnaopenda kusema "kwetu haki hiyo iko kwenye katiba", ndio iko, Kifungu cha 104, lakini angalia Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilivyoiandika kwa mbunge. Ilitaka saini asilimia 30 ya walioandikishwa, na asilimia 15 kwenye zaidi ya nusu ya wadi, afu kabla ya hapo uwe na uamuzi wa Mahakama Kuu, na aliyeshindwa uchaguzi alikuwa haruhusiwi kuanzisha. Mahakama Kuu ilivifuta baadhi ya vifungu hivyo 2017 kwa kubagua watu. Haki inaweza kuwa mlangoni na funguo zimetupwa baharini, ndo maana nasema soma hesabu kabla ya kusoma maneno matamu.

Kukagua saini ndo kazi itakayokula usiku wenu. Wageni huwa wanakodoa macho kwenye mwandiko, huu umefanana, huu haujafanana. Angalieni Los Angeles 2022, ya mwendesha mashtaka George Gascón, huyo alikuwa wa kaunti, si wa jiji, lakini hesabu zake ni darasa. Waliwasilisha saini 715,833 wakihitaji 566,857, ukiangalia unasema hawa wamemaliza. Zikatupwa 195,783. Kati ya hizo, mwandiko usiofanana ulikuwa 9,490 tu. Wasioandikishwa kabisa 88,464, waliosaini mara mbili 43,593, anuani tofauti 32,187. Zikabaki 520,050 na ombi likafa. Kwa hiyo ukipewa boksi la karatasi anza na daftari la wapiga kura, kisha tafuta waliojirudia, kisha anuani, mwandiko mwache mwisho.

Na hapa kwenye anuani niseme kitu kuhusu sisi wenyewe. Niliwahi kusimama na ubao wa karatasi nje ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wetu wakarimu, kila mtu anasaini kukusaidia mtoto wa nyumbani. Nikarudi ofisini nimejaa kifua. Nusu wanakaa Kent na Tukwila, miji ya jirani, si Seattle! Ukimuuliza mtu wetu anakwambia "nakaa Seattle" kumbe Seattle anapita na basi akienda kazini. Wengine wameandika sanduku la posta, tabia ya nyumbani, na wapiga kura wanatafutwa kwa nyumba wanayolala. Mama mmoja alitaka kumsainia mumewe yuko zamu, nikamwambia mama hapana, hata kama ni mumeo, hiyo ni kughushi. Na la hatari zaidi, mwenye green card hajawa raia, asisaini, mwambie pole pole pembeni usimwaibishe, manake siku ya interview ya uraia hilo karatasi linaweza kumletea maswali ambayo wewe hutakuwepo kumjibia. Mzee mmoja alinuna kweli, akaniuliza kwani mi nimekuwa polisi wa uhamiaji. Nikamnunulia chai yakaisha.

La mwisho ni kalenda. Kwa diwani wa jiji huku una siku 180 za kukusanya, na hazianzi siku ulipopeleka ombi, zinaanza jaji akishasema na rufaa ikiisha. Kuna vita nyingine ndani yake, ukipeleka saini mapema au ukichelewa unachagua siku ya kura. Kwenye ya Sawant ilifika mahali yeye mwenyewe akasaini ombi la kumng'oa yeye mwenyewe, na watu wake wakaanza kukusanya saini, ili kura iangukie Novemba wakati watu wengi wanapiga. Upande wa pili haukupeleka hadi muda wa kuingia Novemba ukapita. Kura ikaangukia Disemba 7, 2021, na hata hivyo akabaki kwa tofauti ya kura 310.

Kwa hiyo mi faili jipya likifika nachora kalenda kwenye karatasi kubwa naibandika juu ya meza, tarehe zote kwa penseli, manake rufaa ikikatwa inabidi zifutwe zote uanze tena.