Ukianza kazi ya mvinyo, anza na jina la mahali

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kuhudumia mvinyo hotelini, wengi mnaanza kwa kukariri majina ya zabibu: Merlot, Syrah, Chenin Blanc. Yatawasaidia, ila chupa nyingi za Ufaransa na Italia hazitaji zabibu mbele ya lebo. Zinataja mahali, na nyuma ya jina hilo kuna masharti ambayo mzalishaji lazima ayafuate. Ukiyajua, unaweza kumweleza mgeni kilichomo kabla hujang'oa kizibo.

Someni kwanza habari za kijiji cha Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa. Mdudu wa filoksera aliangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, mvinyo ukaadimika, na uchakachuaji ukashamiri. Mvinyo wa hovyo ulipewa jina la kijiji chenye sifa na kuuzwa kwa bei yake. Mwaka 1923 wakulima wa pale, wakiongozwa na Pierre Le Roy, mkulima mwenzao aliyesomea sheria, walijiwekea masharti. Mipaka ikafuata ardhi kame na duni, ile ambayo mimea ya lavenda na thaimu huota kwa pamoja. Aina za zabibu zikatajwa. Kilevi kisipungue 12.5%. Na wakati wa mavuno, angalau 5% ya zabibu zitengwe zisiingie kwenye mvinyo huo, hata msimu ukiwa mzuri. Sharti hili la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, maana mkulima alikubali kuacha sehemu ya jasho lake ili jina la wote lisichafuke.

Serikali ilifuata nyayo zao. Sheria ya majina ya asili, yaani majina ya mahali mvinyo unakotoka, ilipitishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata Châteauneuf-du-Pape likawa miongoni mwa majina ya kwanza kulindwa. Hadi leo zabibu zake huvunwa kwa mkono, na mavuno yana kikomo: kwa kawaida hektolita 35 kwa hekta, yaani lita 3,500. Mgeni akilalamikia bei, mpeni takwimu hiyo.

Jihadharini na neno "Reserva". Kwenye mvinyo mwekundu wa Rioja, Hispania, ni neno la kisheria: umekomazwa si chini ya miaka 3, angalau mmoja ndani ya pipa la mwaloni. Kwenye chupa ya Marekani, "Reserve" halina tafsiri yoyote ya kisheria, kila kiwanda hulitumia kipendavyo. Msiuze maneno hayo mawili kama kitu kimoja.

Kwa mnaofanya kazi Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, chupa mtakazoshika mara nyingi zitatoka Afrika Kusini. Wao wana mfumo wao wa majina ya asili tangu 1973. Tazameni karibu na shingo ya chupa, mara nyingi mtaona stika ndogo ya uthibitisho yenye namba. Lebo ikisema "Wine of Origin Stellenbosch", zabibu zote lazima ziwe zimetoka Stellenbosch. Ikitaja aina moja ya zabibu au mwaka wa mavuno, angalau 85% iwe hivyo.

Hata hivyo, sheria hulinda asili na utaratibu. Ladha ni shughuli ya mtengenezaji. Sassicaia, mvinyo mwekundu wa Bolgheri, Italia, iliuzwa kwa miaka mingi kama "vino da tavola" (mvinyo wa mezani), daraja la chini kabisa kisheria, huku ikiwa kati ya mvinyo ghali zaidi nchini humo. Ilitengenezwa kwa zabibu za Cabernet, na kanuni za pale hazikuwa na nafasi kwa mvinyo mwekundu wa namna hiyo. Nafasi ilipatikana 1994. Kwa hiyo mgeni akiagiza chupa isiyo na jina kubwa la mahali, msimkatishe tamaa. Mulizeni anakula nini, kisha mwonjesheni.