Maswali ya wasomaji: Hasira mkutanoni

*Kisima chetu cha pampu kimekufa tangu Krismasi. Kila tukilalamika kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji hapa Uganda) anatuambia tuache jazba, tulete hoja. Kwani hasira ni kosa? (Mama, Bweyale)*

Si kosa, mama. Mtu hakasiriki hivi hivi tu. Hukasirikia mtu, kwa jambo ambalo anaamini lilipaswa kufanywa likaachwa. Mvua ikikosekana tunahuzunika. Pesa ya kisima ikiliwa tunakasirika. Kwa hiyo ndani ya hasira yenu dai limo tayari. Kilichobaki ni kulipima, maana hasira humpata mkosaji upesi mno.

Maji yalianza kutoka mekundu kabla pampu haijafa? Huenda mabomba ya chuma yameliwa na kutu, wala hakuna aliyeiba. Mlikuwa mnapiga mpini mara nyingi ndipo maji yaje? Mara nyingi ni raba ya ndani imechakaa. Matengenezo madogo kama hayo ni ya kamati ya watumiaji maji na fundi wa pampu, kwa michango ya kaya. Mabomba yote yakihitaji kubadilishwa, hapo ndipo ofisi ya maji ya wilaya inapodaiwa. Basi mwiteni fundi kabla ya mkutano, aandike kilichoharibika na bei yake. Kisha kamati isome daftari la michango mbele ya watu. Wakati mwingine hasira itarudi kwa kamati mliyoichagua wenyewe, na hiyo ndiyo inayouma zaidi.

Mkutano wenyewe si mali ya mwenyekiti. Baraza la kijiji ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na kamati ya watu 10 ni watendaji wake tu. Hakikisheni dai linaandikwa kwenye muhtasari kama uamuzi: nini kimeharibika, nani anapaswa kutengeneza, jibu linatakiwa lini. Barua iende gombolola, ofisi iliyo chini ya wilaya, nakala wilayani, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri mtaambiwa haikufika. Mkitaka kujua pesa zilizotengwa, Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu.

Wengi hukwama kwenye majira. Hasira ya maji huchemka Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Mikutano ya bajeti ya wilaya kwa kawaida huwa Oktoba na Novemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai inayofuata. Kufikia Oktoba mvua zinanyesha, mitungi imejaa, na hakuna anayekwenda. Andikeni Januari mkiwa bado na uchungu, na hapo hapo mchague watu 2 wa kuipeleka barua hiyo Oktoba.

*Baba anasema siasa ni hatari, nikae mbali. Wenzangu wananiita mwoga. (Kijana, Arua)*

Wataalamu wa saikolojia ya siasa wameona kwamba mwenye wasiwasi hutafuta habari mpya, ilhali mwenye hasira hutenda kwa yale anayoyaamini tayari. Kundi lenye hasira tupu huingia barabarani bila kuuliza njia ya kutokea. Waambie wenzako: mwoga wenu ndiye atakayeuliza, kwa hiyo mpeni kazi ya kupanga.

Hofu ya baba ina msingi. Kifungu cha 8 cha sheria ya mikusanyiko ya 2013, kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Machi 2020. Lakini hukumu ni jambo moja, na askari aliyesimama njia panda ni jingine. Anza na barua ya pamoja. Sahihi zikiwekwa kwa duara, haijulikani nani alitangulia. Na mzee muulize aliyoyaona, usimbishie.

*Tulipiga kelele juu ya kodi ya mitandao, mwisho tukaletewa nyingine. Tumechoka. (Dada wa duka la simu, Busia)*

Dada, Julai 2018 zilianza kodi 2 pamoja: shilingi 200 kwa kila siku ya kutumia mitandao ya kijamii, na 1% kwenye pesa za simu. Hasira zilikuwa sawa, matokeo hayakufanana. Kwenye pesa za simu kila mtu aliona hesabu yake mwenyewe: ukiweka 100,000 unakatwa 1,000, ukituma unakatwa, anayetoa naye anakatwa. Mwaka huo huo sheria ikarekebishwa, ikabaki 0.5%, tena kwa kutoa tu.

Kwa mitandao, wengi waliwasha VPN, programu ya kuficha unachotumia mtandaoni, kila mtu akajiokoa kivyake. Kwa maoni yetu hapo ndipo nguvu ilipovuja: aliyekwisha kutoroka kodi hana haja ya kukaa mkutanoni. Kodi ile ikafutwa Julai 2021, na nafasi yake ikachukuliwa na 12% juu ya data. Waliotaka jina lile liondoke, liliondoka. Safari nyingine dai liandikwe kwa shilingi: anayenunua bando la 1,000 asikatwe zaidi ya kiasi gani, kodi iitwe jina lolote.