Dada, futa hizo beti kabla kitabu hakijafika kwa mpiga chapa

Salamu zitakuja baadaye. Nimesoma uzi wako wote: riwaya ya taharuki ya Kikristo, mwimbaji wa injili anakutwa amekufa studio usiku wa kuamkia uzinduzi wa albamu, mpiga kinanda wake anaanza kuchunguza. Umeuliza kifo kionyeshwe kiasi gani, mahubiri yawe mengi kiasi gani, mchapishaji anapatikana vipi, na kama sura nane ulizomaliza zina kasi. Katikati ukapitisha sentensi moja kama jambo dogo tu: kila sura inafunguliwa na ubeti wa wimbo wa kuabudu unaovuma sasa, na siri ya kifo imefichwa ndani ya kiitikio cha mmojawapo. Hilo hukuliuliza, na ndilo ninalolijibu.

Futa. Beti zote, hata ule mstari mmoja unaoupenda kuliko mingine. Nyimbo za kwenye riwaya yako zitunge mwenyewe.

Mimi nilifanya hivyo hivyo miaka sita iliyopita. Riwaya yangu ilikuwa na sura 22, na juu ya kila sura niliweka mistari miwili mitatu ya nyimbo za watu. Hiyo peke yake ingenitia matatani, lakini kosa lililonimaliza lilikuwa ndani ya hadithi yenyewe. Binti mmoja wa kwaya anamsikia mtunzi mzee akiimba wimbo wake mpya, wiki moja kabla mzee hajatoweka. Miezi inapita, anausikia wimbo ule ule redioni kwa sauti ya mtu mwingine, na neno moja la kiitikio limebadilika. Neno hilo ndilo linalomfikisha kwa mwizi. Nililipenda mno wazo hilo. Badala ya kumtungia mzee wimbo wake, nikachukua wimbo halisi unaoimbwa makanisani kila Jumapili, nikakiweka kiitikio chake kizima kitabuni mara tano, na jina la wimbo nikaliandika waziwazi. Nilitaka msomaji ausikie moyoni anaposoma.

Ona nilichokuwa nimefanya. Nimenakili maneno ya mtu bila ruhusa, kisha nikawaambia wasomaji kwamba wimbo huo uliibwa kwa marehemu. Kwangu ilikuwa hadithi. Kwa waliotunga wimbo ule na familia zao, ilikuwa tuhuma iliyochapwa kitabuni.

Nakala 400 zilikuwa zimeshachapwa barua ilipofika kutoka kwa wakili wa mchapishaji wa muziki, yaani anayesimamia haki za watunzi. Kitabu kiondolewe sokoni, nakala zilizobaki ziharibiwe, na nilipie zile zilizokwisha kuuzwa. Akiba ya miaka miwili ikaishia hapo. Nakala 310 zilikatwakatwa mbele ya macho yangu. Nilisimama nikiyatazama majalada yakiingia kwenye mashine moja baada ya jingine, jina langu likiwa juu, na picha ile haijanitoka.

Kuziondoa beti za mwanzo wa sura ilikuwa kazi ya jioni moja. Kukiondoa kile kiitikio kulinichukua miezi 11, kwa sababu hadithi nzima ilining'inia kwenye neno moja la wimbo usio wangu. Sura yako ya tisa inaelekea huko huko, ndiyo maana sikuweza kupita kimya.

Tena niliuliza! Nilimlipa mhariri aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa vitabu vya Kikristo, nikamwuliza kwa maandishi kama beti zile zina tatizo. Akanijibu kwamba mistari isiyozidi minne ni halali, na kwamba "wimbo wa Mungu hauna mwenyewe". Nina hasira naye mpaka leo, kwa sababu alikula ujira wangu kwa jambo ambalo hakulijua na hakutaka kukiri kwamba halijui. Hakuna sheria ya mistari minne. Hakuna ya asilimia kumi wala ya maneno thelathini. Nchi nyingi zinaruhusu kunukuu kidogo kwa ajili ya uhakiki au utafiti, lakini swali huwa umechukua kiasi gani cha kazi ile na kwa shabaha gani. Wimbo ni kazi fupi. Kiitikio cha mistari minne kinaweza kuwa ndio moyo wake wote.

Na hilo la wimbo wa Mungu kutokuwa na mwenyewe linaniuma zaidi, kwa kuwa limetamkwa na mtu anayesoma Biblia. Mtunzi wa injili ana watoto wanaokula kila siku. Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba mtenda kazi astahili ujira wake.

Kuna mtego mwingine. Nilimwandikia mwimbaji wa wimbo ule kuomba ruhusa. Akajibu kwa furaha, "Tumia tu mpendwa, Mungu akubariki." Nikaitunza ile meseji kama hati ya kiwanja. Haikunisaidia kitu, maana mwimbaji hakuwa mwenye maneno. Wimbo mmoja hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa studio. Rekodi mara nyingi ni ya kampuni au ya aliyegharamia. Maneno ni ya mtunzi, au ya watunzi watatu wanne waliogawana, na mara nyingi wamemkabidhi mchapishaji wa muziki ayasimamie. Anayenukuu kwenye kitabu anahitaji ruhusa ya maneno. Mwenye sauti unayoipenda huenda hana mamlaka juu ya hata silabi moja. Wewe unaandika juu ya tasnia hii, dada, kwa hiyo huu mpaka kati ya utunzi na rekodi lazima uujue kama njia ya kwenda chumbani kwako. Ndipo wahusika wako watakapoibiana.

Usikubali pia kuambiwa kwamba kanisa lina leseni. Leseni kama ya CCLI, shirika linaloyapa makanisa ruhusa ya kutumia nyimbo, ni ya ibada: kuonyesha maneno ukutani, kuwachapia waimbaji ili kusanyiko liimbe. Riwaya haimo.

Wengine watakushauri ukimbilie nyimbo za zamani. Ushauri huo ni nusu tu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulianza mwaka 1886 na umerekebishwa mara kadhaa. Leo unalinda kazi bila kusajiliwa popote, kwa kawaida kwa uchache hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka 70. John Newton alichapisha maneno ya "Amazing Grace" mwaka 1779 na akafa 1807, kwa hiyo Kiingereza chake ni huru. Tafsiri ya Kiswahili unayoijua wewe ina mfasiri wake, naye huenda bado ana haki zake. Halafu kuna nyimbo zinazoonekana za kale kumbe sivyo. "How Great Thou Art", ule tunaouanza kwa "Bwana Mungu nashangaa kabisa", ulitokana na shairi la Carl Boberg, Mswidi, la mwaka 1885. Lakini maneno ya Kiingereza yanayojulikana duniani ni ya Stuart Hine, aliyefariki 1989. Hesabu miaka hapo. Hata wimbo wa siku ya kuzaliwa, "Happy Birthday to You", ulikuwa ukitozwa ada Marekani mpaka jaji alipoamua mwaka 2015 kwamba kampuni iliyokuwa ikidai haikuwa na haki halali juu ya maneno yake.

Biblia nayo, tazama ukurasa wa mwanzo wa tafsiri unayonukuu. NIV ya Kiingereza, kwa mfano, inaruhusu hadi mistari 500 bila kuomba, mradi isiwe kitabu kizima cha Biblia wala isifike robo ya maandishi yako. Kulitaja jina la wimbo kwa kawaida si tatizo. Ukiandika kwaya ilikuwa ikiimba wimbo fulani wakati polisi wanaingia, inatosha. Ila usiutwike wimbo halisi uhalifu wa kubuni kama nilivyofanya mimi.

Najua unachotaka kusema: mimi ni mwandishi, si mtunzi wa nyimbo. Daudi alikuwa na vita, ufalme na wana wakorofi, na bado zaburi 73 zimebeba jina lake. Wewe unahitaji beti mbili na kiitikio.

Tena wimbo wako utakufaa kuliko wa mtu. Nilipotumia wimbo unaojulikana, kila msomaji alikuwa na maneno yake kichwani tangu ukurasa wa kwanza, na waliokuwa makini waliona neno lililobadilika kabla binti yangu hajaliona. Taharuki ilikufa nami sikujua. Nilipomtungia mzee wimbo wake, nikawa ndiye ninayeamua msomaji ajue nini na lini. Ubeti wa kwanza sura ya pili, nusu ya kiitikio sura ya sita, kilichobaki sura ya 14. Mzee anaimba "umenivusha mtoni", kwa sababu ujanani aliachwa azame na rafiki yake. Redioni mwizi anaimba "umenivusha motoni". Aliusikia kwenye kanda mbovu yenye mikwaruzo, akaandika alichosikia. Binti anajua habari ya mto. Anajua pia kanda ile ilikuwa wapi usiku ule. Kuja kwa hilo neno moja kulinitoa machozi mezani, na halikuwa la kuazima kwa mtu.

Mpiga kinanda wako anaweza kufanya zaidi ya hapo. Rekodi inayotolewa rasmi kwa kawaida hupewa msimbo wa ISRC, utambulisho wa kimataifa wa rekodi, wenye herufi na tarakimu 12, na tarakimu mbili kati yake zinaonyesha mwaka msimbo ulipotolewa. Meneja aape kwamba wimbo ulirekodiwa mwaka huu, halafu msimbo useme vingine. Au mwonyeshe karatasi ya mgawanyo wa watunzi, inayosema kila mtunzi ana fungu gani la wimbo, yenye saini ya marehemu iliyowekwa siku ambayo marehemu alikuwa amelazwa. Hayo ni mambo ya tasnia yenyewe, na hayahitaji ubeti wa mtu yeyote.

Umesema sura ya tisa, ambamo kiitikio kinafumbuliwa, bado hujaiandika. Usiiguse wiki hii. Kaa na marehemu wako kwanza, ujue aliponea nini maishani mwake hata akaimba. Tunga ubeti mmoja, uweke hapa chini, nitausoma usiku huo huo.